Gunnison, Whipple, Stevens au Macdonald: uanze na afisa yupi aliyepima njia ya reli?

Vitabu vingi vya historia ya reli huanza siku taruma la kwanza lilipolazwa. Afisa wa jeshi aliyepita pale miaka kadhaa kabla, akiwa na nyumbu wachovu na daftari lililolowa mvua, hupewa aya moja kisha basi. Ukitaka kumfuatilia mmoja wao kwa kina, iwe ni kwa insha ya chuo, kipindi cha redio au klabu ya historia ya shule, utakuta wako wengi na muda wako ni mchache. Wengi humchukua John Gunnison kwa sababu aliuawa, na kifo hutengeneza hadithi nzuri. Mimi nisingeanza naye.

Nimewaweka wanne bega kwa bega. Watatu ni Wamarekani waliotoka mwaka mmoja, 1853, kutafuta njia ya reli kutoka Mto Mississippi hadi Bahari ya Pasifiki. Wa nne ni Mwingereza, Kapteni James Macdonald, aliyepima njia kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria mwaka 1891 na 1892. Kazi ya Macdonald ilikuwa ya aina ileile, na miji iliyozaliwa na reli yake tunaijua bila kuangalia ramani.

| | Gunnison | Whipple | Stevens | Macdonald |
|---|---|---|---|---|
| Mafunzo (chuo cha kijeshi) | West Point, 1837 | West Point, 1841 | West Point, 1839 | Woolwich, afisa tangu 1882 |
| Njia aliyopima | latitudo 38 hadi 39 | latitudo 35 | latitudo 47 hadi 49 | Mombasa hadi Ziwa Victoria |
| Mwisho wake | aliuawa Utah, 1853 | jeraha la vita, 1863 | aliuawa vitani, 1862 | alifariki 1927 |
| Reli iliyokuja | vipande tu, reli nyembamba | ndiyo, miaka ya 1880 | ndiyo, 1883 | ndiyo, 1896 hadi 1901 |

Kwanza mazingira ya wale watatu, maana bila hayo hawaeleweki. Machi 1853 Kongresi ya Marekani ilitenga dola 150,000 na kumwagiza Waziri wa Vita atafute njia inayojengeka na yenye gharama nafuu kuliko zote. Waziri huyo alikuwa Jefferson Davis wa jimbo la Mississippi, ambaye miaka minane baadaye angekuwa rais wa majimbo ya Kusini yaliyojitenga. Kila mji ulitaka reli ianzie kwake. Kaskazini na Kusini walikuwa wanavutana juu ya utumwa, na kila upande ulijua kwamba reli ingeubeba mfumo wake hadi magharibi. Ikaonekana kwamba sayansi ndiyo iamue, na kazi wakapewa maafisa wa jeshi, wengi wao wa kikosi kidogo cha wahandisi wa ramani kilichoundwa 1838. Sayansi haikuamua. Ripoti zilijaza majuzuu kumi na mawili makubwa, na kila mbunge alipata ndani yake cha kumfurahisha.

Gunnison

Alizaliwa New Hampshire mwaka 1812 na kumaliza West Point akiwa wa pili darasani. Akapelekwa Florida katika vita dhidi ya Waseminole, kisha akahamishiwa kikosi cha ramani na kutumia miaka mingi kupima maeneo ya Maziwa Makuu ya Marekani. Mwaka 1849 alikwenda na Kapteni Howard Stansbury hadi Ziwa la Chumvi huko Utah, wakakaa majira ya baridi mjini Salt Lake City miongoni mwa Wamormoni, waumini wa dhehebu lililoanzia Marekani. Aliandika kitabu juu yao, kikatoka 1852. Kwa Mmarekani wa wakati ule asiye Mmormoni, kilikuwa kitabu cha kiungwana.

Njia aliyopewa 1853 ilikuwa kipenzi cha Seneta Thomas Hart Benton wa Missouri, aliyetaka reli ianzie St. Louis. Gunnison aliondoka Fort Leavenworth mwezi Juni, akavuka Milima ya Rocky kwa njia ya mlimani ya Cochetopa, akashuka kwenye mto ambao leo una jina lake. Hapo akakutana na Korongo Jeusi, lenye kuta zilizosimama wima juu ya maji hadi jua haliingii chini ila saa chache. Ikabidi alizunguke. Kabla hata ya kufika Utah alikwisha kujua kwamba reli ya pale ingetaka mahandaki, madaraja na fedha isiyo na mwisho.

Oktoba, kwenye Mto Sevier, aliwaacha wenzake kambini akatangulia na watu kumi na mmoja. Alfajiri ya tarehe 26 wapiganaji wa Kipahvant, tawi la Waute, waliwavamia wakati wa kifungua kinywa. Wanane waliuawa, akiwemo Gunnison mwenyewe, mchoraji Richard Kern na mtaalamu wa mimea Frederick Creutzfeldt. Wanne walinusurika. Masimulizi mafupi huwa yanaishia hapo. Muda mfupi kabla ya siku ile, msafara wa wahamiaji wazungu waliokuwa wakielekea California ulikuwa umemuua mzee wa Kipahvant, na waliovamia walikuja kulipiza. Mkuu wao Kanosh alisaidia kuzirudisha karatasi na vifaa vya upimaji, ndiyo maana vipimo vya Gunnison havikupotea.

Baadaye uvumi ukaenea kwamba Wamormoni ndio waliopanga mauaji, na uvumi huo ukachangia kuuchafua uhusiano wa Utah na serikali hadi jeshi likatumwa huko 1857. Ukipenda kesi ya kuchambua ushahidi, hapo una mali. Lakini ujue unachonunua. Theluthi mbili ya muda wako utaimaliza kwenye asubuhi moja, na ripoti ya njia utakayoisoma iliandikwa na msaidizi wake, Luteni Edward Beckwith. Huyo Beckwith ndiye aliyeendelea, na 1854 akapima njia ya latitudo 41, iliyo karibu zaidi na ile iliyojengwa kweli na kuunganishwa Promontory, Utah, tarehe 10 Mei 1869. Gunnison alibakia na mto, mji, wilaya na hifadhi ya taifa kwa jina lake. Beckwith jina lake halijulikani hata kwa wapenzi wengi wa reli.

Whipple

Huyu ndiye ningemchagua kwa mtu anayetaka kuiona kazi yenyewe. Amiel Weeks Whipple alitoka Greenwich, Massachusetts, mji ambao leo uko chini ya maji ya bwawa la Quabbin. Alipima mpaka wa Marekani na Kanada, kisha mpaka wa Marekani na Mexico, na alipopewa latitudo 35 alikuwa mtu aliyezoea kulala nje na kuhesabu nyota.

Aliondoka Fort Smith, Arkansas, Julai 1853, akafika Albuquerque Oktoba, akaondoka tena Novemba. Alivuka Mto Colorado mwishoni mwa Februari 1854, na Machi akaingia Los Angeles. Pamoja naye alikuwa mwanajiolojia Jules Marcou, daktari na mtaalamu wa mimea John Bigelow, msaidizi wake Luteni Joseph Ives, na Mjerumani mmoja mchoraji, Balduin Möllhausen, ambaye baadaye alijipatia jina kwao kwa riwaya za nyika za Marekani. Kwa kuwa wengi wao waliandika, siku moja unaweza kuisoma kwa macho mawili matatu tofauti. Mkesha wa Krismasi wa 1853, karibu na pale ulipo mji wa Flagstaff, walikuwa kwenye theluji. Wachunga nyumbu wa Kimexico walifyatua bunduki na kuwasha miti mizima ya mierezi hadi kambi ikawa kama mchana. Kesho yake jedwali la vipimo likaendelea kama kawaida.

Vipimo hivyo ndivyo vinavyomfanya Whipple awe mwalimu mzuri. Kichwa cha treni kinavuta mzigo kwenye tambarare bila shida, ila mlima ukizidi kidogo tu magurudumu ya chuma yanateleza. Kwa hiyo swali la kwanza la mpimaji ni urefu wa kila mahali kutoka usawa wa bahari. Mwaka 1853 jibu lilipatikana kwa baromita ya zebaki: bomba la kioo lenye urefu wa karibu mita moja, na ndani yake zebaki inayosimama milimita 760 hivi ukiwa pwani. Ukipanda, hewa inapungua uzito na zebaki inashuka, takriban milimita moja kwa kila mita kumi na moja. Bomba hilo hubebwa kichwa chini ili zebaki isiruke na kuuvunja mwisho wa kioo, na mtu anayelibeba hutembea kama dereva wa bodaboda mwenye trei za mayai. Tena hali ya hewa ikibadilika zebaki nayo inacheza, hata ukikaa palepale. Hivyo baromita moja inaachwa kambini ikisomwa kwa saa zilizopangwa na nyingine inapanda mlima, ndipo tofauti itolewe. Umbali ulihesabiwa kwa mizunguko ya gurudumu la gari. Mahali ulipo kwenye dunia ulijulikana usiku, kwa sekstanti, chombo cha kupimia nyota ilivyo juu ya upeo, na kronomita, saa isiyokosea.

Ukiunganisha namba hizo unapata mchoro wa mwinuko wa njia nzima, na juu yake unaandika penye maji, penye mbao za mataruma, penye mawe ya madaraja. Whipple aliyaandika yote. Akaandika na watu pia: ripoti ya makabila aliyoitoa na wenzake ina misamiati ya lugha nyingi za njiani. Alipita kwa Wazuni wakati ndui ilikuwa inawamaliza. Alipofika Mto Colorado, Wamojave walimsaidia kuvuka, na viongozi wao Cairook na Irataba wakawaongoza wageni kuelekea njia ya jangwani inayofuata Mto Mojave.

Usiwaache hao wawili unapoandika juu ya Whipple. Baada ya ripoti yake serikali ilichora barabara ya magari kwenye njia hiyohiyo, kazi aliyopewa Edward Beale, aliyepita 1857 na ngamia walioletwa kutoka ng'ambo kwa majaribio. Wahamiaji wakafuata, mapigano yakatokea 1858, na 1859 jeshi likajenga ngome kwenye ardhi ya Wamojave. Cairook akawekwa kizuizini Fort Yuma na kuuawa huko akijaribu kutoroka. Ndani ya miaka sita, aliyewavusha wapimaji mto amekufa mikononi mwa jeshi lao.

Tena Whipple ana kasoro moja nzuri kwa mwanafunzi wa uhandisi. Makisio yake ya gharama yalitoka dola milioni 169, na njia ikaonekana ghali mno. Hesabu iliporudiwa ikakutwa ina kosa: gharama sahihi ilikuwa karibu milioni 94. Wakati huo Davis alikuwa tayari anaipigia debe njia ya kusini kabisa, ya latitudo 32, iliyokisiwa milioni 69 hivi. Sidhani kama hesabu sahihi ingembadilisha Davis mawazo, kwa sababu Marekani ilikuwa inaununua ukanda wa ardhi kutoka Mexico kwa dola milioni 10 ili njia hiyo ya kusini ipate pa kupita. Lakini kosa lile lilimrahisishia kazi.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza, Whipple alichora ramani kwa ajili ya jeshi la Kaskazini, akapanda hadi kuongoza divisheni. Mei 1863 mdunguaji alimpiga risasi kwenye mapigano ya Chancellorsville, akafa siku tatu baadaye mjini Washington. Rais Lincoln alihudhuria mazishi. Njia yake ilingoja miaka ishirini. Mwaka 1883 reli iliyotoka Albuquerque ilifika Needles, kwenye Mto Colorado, ikifuata kwa sehemu kubwa latitudo 35. Leo ni mojawapo ya njia zenye treni nyingi za mizigo Marekani, na barabara kuu inayokwenda California inakimbia kandokando yake.

Stevens

Kwa Isaac Stevens nitakwenda haraka. Si kwamba maisha yake ni madogo. Ni kwamba reli ni sura moja tu ndani yake. Alikuwa wa kwanza darasani West Point, alijeruhiwa Mexico City 1847, na 1853 aliacha jeshi akawa gavana wa eneo jipya la Washington. Upimaji wa njia ya kaskazini akaufanya akiwa njiani kwenda kwenye kiti chake. Gavana anayekisia gharama ya reli itakayoufikia mkoa wake mwenyewe ana lake jambo: alitaja dola milioni 117, ofisi ya Davis ikapandisha hadi karibu milioni 131.

Kuna kisa kimoja kitamu. Upande wa magharibi kazi alipewa Kapteni George McClellan, atafute njia katika milima ya Cascade. McClellan alifika, akasikia habari za theluji nyingi, akarudi. Januari 1854 mtu mwingine wa Stevens, Abiel Tinkham, alivuka njia ya mlimani ya Snoqualmie katikati ya theluji hiyohiyo akiongozwa na wenyeji wawili. Wanaoijua tabia ya McClellan alipokuwa jenerali mkuu wa Kaskazini mwaka 1862, kila mara akiona maadui wengi kuliko waliopo, hawatashangaa.

Sehemu nzito ya Stevens ni mikataba. Kati ya Desemba 1854 na mwisho wa 1855 aliyabana makabila ya eneo lote yasaini kuachia ardhi. Vita vikazuka. Akatangaza sheria ya kijeshi na kumkamata jaji aliyempinga. Leschi, mkuu wa Wanisqually, alinyongwa 1858, na mahakama maalumu ya kihistoria ikamsafisha 2004. Kifungu kimoja cha mikataba ile, cha haki ya kuvua samaki, ndicho Jaji George Boldt alichokitumia 1974 kuyapa makabila nusu ya samaki wa kuvuliwa. Ukiwa mwanafunzi wa sheria au unaandika juu ya haki za ardhi, mchukue Stevens na usiangalie nyuma. Kwa reli yenyewe, Whipple anamshinda kwa mbali. Na usimchanganye na John Stevens, mhandisi wa reli aliyeipata njia ya mlimani ya Marias 1889 na baadaye akaenda Panama. Isaac alikufa kwenye mapigano ya Chantilly, Septemba 1862, akiwa ameishika bendera.

Macdonald

Sasa wa huku. Macdonald alikuwa na miaka 29, mhandisi wa kijeshi aliyekwisha kufanya kazi za reli na za vita kwenye mpaka wa kaskazini magharibi wa India, alipoletwa Mombasa mwishoni mwa 1891. Kampuni ya Kiingereza iliyokuwa inaitawala pwani na bara ilikuwa inafilisika. Hazina ya London ikatoa pauni 20,000 ili ijulikane kama reli ya kwenda ziwani inawezekana. Maafisa wenzake walikuwa Pringle, Twining na Austin. Pringle alikuja kuwa mkaguzi mkuu wa reli za Uingereza, kwa hiyo hii haikuwa timu ya kubahatisha.

Msafara wao ulikuwa na makhalasi wa Kihindi waliozoea minyororo ya kupimia, na mamia ya wapagazi wa pwani, kila mmoja na mzigo wa kilo thelathini hivi. Hapo ndipo Macdonald anatofautiana kabisa na Wamarekani wale. Whipple alikuwa na magari na nyumbu wa kuhesabia na kubebea. Macdonald alikuwa na vichwa vya watu. Katika nyika ya Taru, ambako maji ni ya kuotea, mwendo wa upimaji uliamuliwa na umbali ambao mpagazi mwenye mzigo anaweza kwenda kabla ya kiu kumwangusha. Bonde la Ufa lilikuwa mtihani mwingine: unatoka kwenye vilima vya Kikuyu na ghafla ardhi inakatika mamia ya mita chini yako, kisha upande wa pili unangojewa na Mau, zaidi ya mita 2,500 juu ya bahari.

Ripoti yake ilitoa umbali wa maili 657 na gharama ya pauni 2,240,000. Reli iliyojengwa kuanzia 1896 ikafika Kisumu, wakati huo ikiitwa Port Florence, Desemba 1901. Ilikuwa na maili 582 na ilimeza karibu pauni milioni 5.5. Ukimlinganisha na Whipple utapata picha ya kuchekesha: mmoja alikisia juu mno na njia nzuri ikangoja miaka ishirini, mwingine alikisia chini na reli ikajengwa. Mimi simlaumu Macdonald kwa tofauti yote ile. Makisio yake yalikuwa ya upelelezi wa haraka, na hayakuwa na namna ya kuona zaidi ya vibarua 30,000 wakiletwa kutoka India, wala zile kamba za chuma zilizotumika kuyashusha mabehewa kwenye ukingo wa Kikuyu kabla njia ya kudumu kukamilika. Ushoroba wake wa mashariki ulikuwa sahihi: Tsavo, ukingo wa Kikuyu, Naivasha, Nakuru. Kipande cha magharibi ndicho mhandisi mkuu George Whitehouse alichokipima upya, na hapo ndipo maili nyingi zilipookolewa. Hata reli ya kisasa ya Mombasa hadi Nairobi iliyofunguliwa 2017 inapita Voi na Tsavo.

Lakini ukimsoma Macdonald kama mpimaji peke yake umemsoma nusu. Akiwa anarudi pwani 1892, aliamriwa ageuke akachunguze mapigano ya Mengo, makao makuu ya ufalme wa Buganda, ambako Kapteni Lugard wa ile kampuni ya Kiingereza alikuwa amewasaidia Waprotestanti dhidi ya Wakatoliki. Ripoti yake ilimwelemea Lugard, na serikali ikaifungia. Mwaka 1893 aliachiwa Uganda kwa miezi kadhaa, akawashinda Waislamu wa Buganda na kumkamata Selim Bey, kiongozi wa askari wa Kisudani, aliyefia Naivasha akipelekwa pwani. Mwaka 1897 akarudi kuongoza msafara wa kijeshi kuelekea kaskazini. Askari wa Kisudani, waliochoka na kazi isiyokwisha kwa mshahara mdogo, wakaasi Eldama Ravine. Vita vya kwa Lubwa, Busoga, vilimchukulia mdogo wake, Norman. Baada ya hapo akasimamia reli za jeshi China wakati wa uasi wa Mabondia, na 1904 akaongoza jeshi lililoingia Tibet. Alifariki 1927.

Kwa hiyo unapata maisha marefu na vita vinne vitano, na ndani yake miezi michache ya upimaji iliyobadilisha ramani ya Afrika Mashariki kuliko vita vyote hivyo. Hasara yake ni ushahidi. Kitabu alichochapisha 1897 kimeandikwa na mtu mwenye kesi ya kujitetea, kwa sababu ugomvi na Lugard ulikuwa haujapoa. Tena kwa Whipple tunayo majina ya Cairook na Irataba, na kwa Gunnison tunalo la Kanosh. Wapagazi wa Macdonald, watu wa Mombasa na mwambao ambao wajukuu wao pengine wanasoma ukurasa huu, wanaonekana zaidi kama idadi, mizigo na posho.

Basi uchukue yupi

Mwalimu wa jiografia au hisabati achukue Whipple bila kusita. Majedwali yake yapo, ripoti za 1853 hadi 1854 zimeskaniwa na zinasomeka bure, na darasa linaweza kuchora upya mchoro wa mwinuko kutoka Albuquerque hadi Mto Colorado kisha kuulinganisha na ramani ya satelaiti. Anayeandaa kipindi cha simulizi na ana dakika thelathini tu, Gunnison anamfaa, mradi yule mzee wa Kipahvant aliyeuawa kwanza atajwe kabla ya mauaji ya Mto Sevier. Stevens mwachie mwanasheria.

Anayeandikia wasomaji wa Kenya, Uganda au Tanzania, ningemshauri Macdonald, kwa masharti mawili. La kwanza, asome ripoti ya njia kabla ya kitabu, kwa sababu ripoti ina namba na kitabu kina hasira. La pili, aweke kando yake kumbukumbu za upande ule mwingine: masimulizi ya Buganda ya miaka ya 1892 na 1893, habari za Wanandi waliopigana na Waingereza kwa muongo mzima reli ilipokaribia nchi yao hadi kiongozi wao Koitalel arap Samoei alipouawa 1905, na chochote kitakachopatikana kwa familia za Mombasa zilizotoa wapagazi na wanyapara. Hiyo ya mwisho itamtaka atoke maktaba akakae barazani na wazee wa Mji wa Kale, Kisauni na Freretown, na aanze upesi.